Waliougua moyo wapimwe kabla ya kurudi shambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wagonjwa wanaoruhusiwa hospitalini baada ya mshtuko wa moyo wakiwa na dawa na agizo moja tu, "usifanye kazi nzito", bila kuelezwa uzito huo unaanzia wapi. Mjomba wangu, mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, aliogopa msimu mzima hata kubeba ndoo ya maji.

Kipo kipimo cha moyo wakati wa mazoezi, ambapo mgonjwa hutembea juu ya mashine, mwendo na mwinuko vikiongezwa kila baada ya dakika 3, huku nyaya zilizobandikwa kifuani zikionyesha mwenendo wa moyo na shinikizo la damu likifuatiliwa. Shinikizo likishuka badala ya kupanda, au kifua kikianza kuuma mapema, hiyo ni dalili ya hatari, na huenda mishipa ya moyo ikahitaji kuchunguzwa zaidi. Kipimo hiki hakifanywi katika siku 2 za mwanzo, hakimfai kila mgonjwa, na lazima kisimamiwe na wataalamu.

Naziomba hospitali za Dodoma na Singida zimweleze kila mgonjwa wa aina hii, kabla hajaondoka wodini, kama anastahili kupimwa, lini, na wapi.

Msomaji wenu,
Mpunguzi, Dodoma