Jike dume si sifa

Mhariri,

Kila mwanamke anaposhinda uchaguzi au mbio, hakosekani mwandishi wa kumwita "jike dume". Gazeti lako nalo limo. Najua nia ni kusifu, lakini tulitazame neno lenyewe.

Mzizi ni -ke, uleule wa mke na mwanamke. Ukitanguliwa na m- ni mtu. Ukitanguliwa na ji- ni mnyama: mbuzi jike, simba jike. Mfugaji hana ubaya nalo. Kwake jike ndiye mali, ndiye maziwa na ndiye uzao, hata ana majina ya kumpambanua: mtamba, koo, na kwa kuku tembe na mtetea. Ubaya ulikuja neno lilipotoka zizini likaingia barazani. Ji- hiyo tunaijua katika jitu na jibwa, hukuza na kudunisha kwa pamoja. Tena sikiliza sarufi ya wasengenyaji: mbuzi jike "amezaa", lakini mwanamke ni "lile jike limepita". Mbuzi kapewa a-, binadamu kapewa li-!

Nitaambiwa wanaume nao huitwa wanyama. Ni kweli, ila wao huitwa fahali, dume, jogoo, na hujisikia vizuri. KANU ya Kenya ilimfanya jogoo alama ya chama. Beberu, yaani mbuzi dume, ndilo lililogeuka tusi, likawapata wakoloni, nao walitukanwa kwa walichotenda. Anayeitwa jike hajatenda lolote, amezaliwa tu. Na ukitaka ngumi, mwite mwanamume jike.

Waingereza pia wanalo lao. Mwaka 1785 Francis Grose, katika kamusi yake ya lugha ya mitaani, aliandika kwamba hakuna jina linalomuudhi mwanamke wa Kiingereza kuliko kuitwa "bitch", yaani mbwa jike. Vijana wetu siku hizi wanaliimba kama pambo, sijui wameambiwa lina maana gani.

Katika "jike dume", basi, sifa yote imebebwa na dume. Jike limeachwa liwe kilema ambacho mama huyu amekishinda, kana kwamba asingefika alipofika bila kwanza kuacha kuwa mwanamke. Hodari, shupavu, jasiri, mahiri: maneno haya hayaulizi jinsia, na hata kwenye kichwa cha habari yanaenea.

Msomaji wako,
Tanga