Risala ya Wakutubi wa Maktaba za Sheria kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakufunzi wetu, ndugu wageni waalikwa,

Sisi wakutubi wa maktaba za sheria tunaohitimu mafunzo haya tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wanadhani kazi yetu ni kupanga vitabu. Kazi yetu hasa ni kujua sheria ipi inatumika leo. Sheria iliyofutwa haibadiliki rangi. Inakaa rafuni na jalada lake zuri, na asiyeambiwa ataibeba hadi mahakamani. Mwenzetu mmoja alimkuta wakili kijana akinakili kifungu kilichokwisha kurekebishwa, na shauri lake lilikuwa kesho yake asubuhi. Nakala aliyoishika ndiyo pekee iliyokuwa haijabandikwa karatasi ya marekebisho.

Tangu 1 Julai 2025, lilipoanza kutumika toleo la mwaka 2023 la sheria za Tanzania zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, kazi hii imeongezeka. Baadhi ya vifungu vimebadilika namba, ilhali hukumu za zamani zinataja namba za zamani. Ndiyo maana matoleo ya 2002 na 2019 bado tunayatunza. Wapo wanaotuhimiza tuyaondoe ili nafasi ipatikane. Kwa heshima zote tunaomba yabaki, maana bila hayo anayesoma hukumu ya miaka kumi iliyopita hatajua jaji alikuwa akisoma kifungu gani.

Tunaishukuru Mahakama kwa tovuti ya TanzLII, ambako hukumu zinasomwa mtandaoni bila malipo. Hata hivyo nyingi ni za Kiingereza, ingawa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mama akija kuulizia shamba lake, tunamfungulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Kumshauri haturuhusiwi, kwani sisi si mawakili. Tunachoweza ni kumpa maandishi, naye anastahili maandishi anayoyaelewa.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni Gazeti la Serikali na sheria za marekebisho zitufikie wiki ileile zinapochapishwa. Kwa sasa wapo kati yetu wanaozipata kutoka kwa wasomaji wao wenyewe. Tunaomba pia mashine za kuskani, kwa sababu hukumu zilizopigwa taipu miaka ya sabini zinafifia, na baadhi hazina nakala nyingine tunayoifahamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.