Chupa ya Kyela si chupa ya Makete

Sisi tunauza mafuta ya kunukia yanayopikwa kutoka kwenye majani ya mimea, na swali tunaloulizwa kuliko yote si la bei. Ni hili: "Mbona mafuta ya safari hii hayanuki kama yale ya mwanzo? Mmechanganya nini?" Anayeuliza mara nyingi ni mama anayetengeneza sabuni au dada mwenye saluni, mtu ambaye pua yake imeshazoea harufu fulani na wateja wake wameizoea pia. Tunamjibu kwamba hatujachanganya kitu. Kilichobadilika ni shamba.

Tuanze na ukanda wetu wenyewe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kyela, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda Tukuyu, pita Isyonje, endelea hadi uwanda wa Kitulo upande wa Makete, unafika mita 2,600. Ni safari ya siku moja tu, tena jua halijazama. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kati ya ziwani na Kitulo kuna tofauti inayozidi kidogo nyuzi 12. Rungwe ina udongo wa volkano na mvua isiyoisha. Isimani, Iringa, mtu anahesabu mawingu. Mmea uliomea katika mojawapo ya sehemu hizi hauwezi kuwa na majani sawa na mwenzake wa sehemu nyingine.

Tena mafuta ya jani si kitu kimoja. Ndani ya tone la mafuta ya rozimari mna viambato kadhaa wa kadhaa: sineoli inayofungua pua, kafuri, pinini yenye harufu ya msonobari, na vingine vingi kidogo kidogo. Rozimari, mnanaa na mrehani huyaweka mafuta yao katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana ukilipapasa tu mkono unanukia. Mkaratusi huyaficha ndani. Chukua jani lake, liinue kuelekea juani, utaona vitone vinavyopenyeza mwanga. Mmea hautengenezi haya kwa ajili ya sabuni zetu. Ni silaha zake dhidi ya wadudu, ukungu na walaji wa majani, na jua, ukame, baridi na umri wa jani vyote hubadilisha kiasi cha kila kiambato.

Mahali peke yake, hata hivyo, hapaelezi kila kitu. Kuna na ukoo. Rozimari ya Moroko inajulikana kwa sineoli nyingi, ya Hispania kwa kafuri, na ile ya kisiwa cha Corsica kwa kiambato kiitwacho verbenoni. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nchi, lakini sehemu kubwa mmea umezaliwa nayo. Thaimu ya kusini mwa Ufaransa ndiyo imechunguzwa kuliko zote: mmea ni mmoja kwa sura na kwa jina, ila una aina sita za mafuta, nyingine kali za timoli na karvakroli, nyingine laini za linaloli na jeranioli. Zile kali hupenda sehemu kavu zenye joto. Penye baridi kali ya mwanzo wa majira ya baridi hufa, zikabaki laini. Yaani mahali hapakuibadilisha thaimu, pamechagua nani abaki. Mkafuri nao ni hivyohivyo: wa Taiwan ulipata umaarufu kwa kafuri yenyewe, ilhali ule uliopandwa Madagaska hutoa mafuta yaliyojaa sineoli na kafuri haba sana.

Kwa hiyo mkulima akituambia "nina rozimari nusu eka", swali letu la kwanza ni alikotoa vipandikizi. Kipandikizi hubeba ukoo wa mama yake popote kinapokwenda. Ukikitoa Makete ukakipanda Iringa mjini, aina ya mafuta itabaki ileile. Kitakachopanda na kushuka ni kiasi cha kila kiambato.

Mnanaa ndio unaotupa maswali magumu. Wateja wanashangaa: mnanaa unaota kila uani hapa Mbeya, sasa kwa nini mafuta yake tunayanunua kutoka India? Sababu iko angani. Mnanaa ule wa peremende umelimwa muda mrefu Marekani, katika majimbo ya Washington na Oregon, ambako mwezi Juni urefu wa mchana hupita saa 15. Sisi tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa, wa Desemba, haufiki saa 13, na ule mfupi wa Juni ni saa 11 na nusu na kidogo. Mnanaa huo ukipewa mchana mfupi hutambaa chini, unatoa vikonyo badala ya kusimama na kuchanua, na katika mafuta yake mentoli, ile inayoleta ubaridi, inapungua huku mentofurani ikipanda. Mentofurani ndiyo inayoleta ule uchungu unaokera kooni. Usiku wa baridi wa Mbeya unasaidia kiasi, lakini hauongezi hata dakika moja ya mwanga. India wao wanalima mnanaa wa jamii nyingine, wenye mentoli nyingi, na kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Basi tunanunua kwao na tunaandika hivyo kwenye chupa.

Mchaichai ni kinyume chake. Huo ni mmea wa joto, na Kyela unajisikia nyumbani. Upeleke Njombe au Makete, sakitu ya Juni na Julai itauunguza majani hadi uonekane kama umepitiwa na moto. Thamani yake iko kwenye sitrali, ile harufu ya limau, ambayo katika mafuta mazuri huwa kati ya asilimia 65 na 85. Mvua zikizidi, majani yanajaa maji na mafuta kwa kila kilo yanapungua. Ndiyo maana mchaichai wa masika tunaununua kwa shingo upande, na kabla ya kuupika tunauacha unyauke kidogo kivulini.

Halafu kuna milingoti, yaani mikaratusi. Mufindi imejaa, na hakuna mwezi unaopita bila mtu kutupigia simu kuwa ana lori la majani ya bure baada ya kukata nguzo. Tunashukuru, lakini mingi ya miti hiyo ni jamii ya Eucalyptus grandis, iliyopandwa kwa ajili ya mbao na nguzo. Majani yake yana mafuta machache na mara nyingi pinini ndiyo inayotawala. Mafuta ya mkaratusi ya dawa yanatakiwa yawe na sineoli isiyopungua asilimia 70, na hayo hutoka kwa Eucalyptus globulus na jamii nyingine chache zenye sineoli nyingi. Hapo hakuna mwinuko wala udongo utakaookoa.

Kuna msemo wa biashara unaozunguka siku hizi: "mafuta ya milimani ndiyo bora." Hatuutumii. Umetokana zaidi na lavenda ya Ufaransa, ambako ya milimani husifiwa na ya mabondeni hudharauliwa. Ila ile ya mabondeni kwa sehemu kubwa ni lavandini, mmea chotara wenye kafuri zaidi. Watu wanausifia mlima kwa kazi ya ukoo. Bora kwa nani, na kwa kazi gani? Rozimari yenye kafuri nyingi inafaa kuchua misuli ya mtu mzima. Kwa mtoto mchanga, usiisogeze. Wala mafuta yenye sineoli nyingi usimpake mtoto mdogo usoni au karibu na pua.

Hata sufuria ina lake la kusema. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji huchemka yakifika nyuzi 94. Kyela ni 98 hivi. Mvuke wa maji hayo ndio unaoyatoa mafuta kwenye jani: viambato vyepesi hutoka mapema, vizito hujikokota nyuma. Mwenye haraka akizima moto mapema atauza nusu ya harufu akidhani ndiyo yote. Sisi kila mmea una muda wake kwenye mtambo, haubadiliki hata kuni zikipanda bei.

Sasa kila chupa yetu ina jina la kisayansi la mmea, wilaya ulikotoka, mwezi wa kuvuna na namba ya mkupuo, yaani mafuta yaliyopikwa kwa mara moja. Anayechukua kuanzia lita moja anaweza kuomba karatasi ya kipimo cha maabara, kile cha kromatografia ya gesi, kinachoonyesha asilimia za viambato. Mtengeneza sabuni, tunakushauri ununue mkupuo mmoja unaotosha msimu mzima. Usipoweza, tuambie unataka harufu gani idumu, nasi tutakuchanganyia mikupuo ya mashamba mawili au matatu hadi ikae sawa, na mchanganyiko huo tutauandika wazi. Mchaichai kwenye sabuni au losheni uwe kidogo, maana sitrali huwasha baadhi ya ngozi. Na kama unalenga soko la Ulaya, ujue sitrali, linaloli na jeranioli ni kati ya viambato ambavyo sheria yao inataka vitajwe kwenye lebo vikizidi kiwango.

Mkulima unayefikiria kuingia kwenye rozimari, usianze na eka nzima. Panda mistari michache ya vipandikizi kutoka mama mmoja, ngoja vikomae, kisha tuletee majani ya kiangazi, kati ya Julai na Septemba, yakatwe asubuhi umande ukishakauka. Tutayapika peke yake na kukuonyesha kilichotoka kabla hujakodi shamba.