Bolti ya sampu haitaki bomba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Sisi hatujambo, na natumaini baba na mama wazima. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba oili ya gari sasa unabadilisha mwenyewe. Ila pale uliposema bolti ya sampu (ile ya kumwagia oili, chini ya bakuli la oili la injini) umeikaza kwa spana iliyochomekwa bomba, ili isije ikalegea, umenitia wasiwasi. Ndiyo maana barua hii yote ni ya bolti.

Fanya hesabu hii. Spana ya sentimita 15 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 20 hivi, bolti inapata kama Nm 30 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Mvuto huohuo kwenye bomba la sentimita 60 unakuwa Nm 120. Bolti za sampu nyingi zinataka kati ya Nm 25 na 40, kutegemea gari, kwa hiyo ya kwako imepata mara tatu au zaidi ya haki yake bila wewe kuhisi umetumia nguvu.

Bolti inashika kwa sababu inavutika. Ukiikaza, chuma chake kinarefuka kidogo mno, halafu kinataka kurudi kama springi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande pamoja. Kuna mahali ukipapita, chuma kinarefuka na hakirudi. Mkono unaweza kupatambua: bolti nzima huzidi kuwa ngumu kadiri unavyoizungusha. Ikianza kuzunguka kilaini bila kuongeza ugumu, acha hapohapo, wala usimalizie hata robo mzunguko. Itoe uitazame kwenye mwanga. Ikiwa imekonda shingoni, au nati haipandi tena kwa vidole, itupe. Lakini ukikuta uzi mwembamba wa aluminiamu umejisokota kwenye meno yake, basi meno ya tundu ndiyo yaliyochunika, na hapo bolti mpya haitasaidia kitu.

Hicho ndicho ninachokiogopea kwenye sampu yako. Nyingi ni za aluminiamu, bolti ni ya chuma, na wakigombana aluminiamu ndiyo inayoshindwa. Kinachozuia oili pale ni washa laini, yaani pete bapa ya kuzibia, inayojibana mara moja tu. Weka mpya kila unapobadilisha oili. Watu wengi hurudishia ya zamani, oili ikidondoka wanaongeza kukaza, ikidondoka tena wanaongeza, mpaka meno yanaondoka. Kama yako yameshaondoka, fundi anaweza kutoboa tundu, kulichonga meno mapya na kuingiza springi ya chuma ambayo bolti ya saizi ileile itashika ndani yake. Usijaze gundi.

Filta ya oili ya kuzungusha haihitaji spana kabisa wakati wa kufunga. Paka oili mpya kwenye mpira wake, izungushe mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, au kama ilivyoandikwa kwenye filta yenyewe.

Nunua spana ya kupimia mkazo, ile inayolia "tak". Ikilia mara moja umemaliza. Ukiivuta tena kwa kuhakikisha, umeshapitiliza. Usifungulie nati kwayo, na ukiihifadhi irudishe kwenye alama yake ya chini. Kubwa ya magurudumu usiitumie kwa bolti ndogo, kwa kuwa mwanzoni mwa kipimo chake haisomi vizuri. Namba chukua kwenye kitabu cha gari lako. Ili upate picha tu: bolti ya kawaida ya M6 (unene wa milimita 6) yenye alama 8.8 ya uimara kichwani huchukua karibu Nm 10, ya M8 karibu 25, ya M10 karibu 50. Ikiingia kwenye aluminiamu, mara nyingi ni chini ya hapo. Bolti za kifuniko cha valvu mara nyingi huwa ni hizo M6, na ukizibana sana gasketi, ile ya kuzibia katikati, inafinywa nje na oili inavuja zaidi.

Usipake oili kwenye meno kama kitabu hakikusema. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia huliwa na msuguano. Ukiupunguza, namba ileile inavuta bolti zaidi. Na tundu lisilotokea upande wa pili lifute likauke, maana oili iliyobaki chini haina pa kwenda na bolti ikishuka inaweza kupasua chuma.

Nati za magurudumu, anza zote kwa vidole, kaza kwa kuruka upande wa pili kila mara, shusha gari, umalizie kwa spana ya kupimia. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipime tena. Mashine ya upepo itumie kufungulia tu.

Bolti za silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, usiziguse kwanza. Nyingi humaliziwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa zilizopimwa, na hazirudishwi mara ya pili.

Wiki hii weka karatasi safi chini ya sampu usiku kucha. Ukikuta tone asubuhi, usiongeze kukaza. Nipigie picha ya bolti na ya tundu unitumie.

Wasalimie wote nyumbani.

Kaka yako