Msimwambie mtoto kuwa mama amesafiri

Mhariri,

Mdogo wangu alipofariki kwa maradhi, bintiye wa miaka mitano alibaki mikononi mwangu. Watu wazima tulikubaliana, tena upesi, aambiwe mama amesafiri. Tulidhani tunamhurumia.

Kwa wiki tatu mlango ukigongwa alikuwa wa kwanza kufika. Kisha jamaa mmoja akamwambia mama amelala usingizi wa milele. Kuanzia usiku huo akawa haniachi nilale: nikifumba macho, ananifumbua kope kwa vidole.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wa Hungaria. Aliona kuwa walio chini ya miaka mitano hukichukulia kifo kama safari au usingizi, jambo la muda tu. Kumbe kosa ambalo mtoto wangu angeweza kulifanya mwenyewe, sisi ndio tuliomfundisha.

Nikamkalisha mapajani. "Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, haumwi tena, na hawezi kurudi." Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza, kabla ya hapo nilikuwa nikijifungia bafuni na kufungulia maji. Akanifuta machozi, akauliza: "Mama mkubwa, ni kwa sababu nilimwambia simpendi?"

Mhariri, swali hilo alikuwa amelibeba peke yake wiki zote hizo! Nilimwambia hapana, ni ugonjwa, na mama alijua anapendwa. Nilirudia siku hiyo, na siku nyingi zilizofuata.

Muda si mrefu akatoka kwenda kucheza. Jamaa wakasema hajaelewa. Si kweli. Huzuni ya watoto wa umri huu huja kwa vipande: analia, anacheza, kisha anarudi na swali lile lile mkiwa mnapiga mswaki. Mlezi naye amefiwa, na kujibu kila mara kunachosha kuliko ninavyoweza kueleza, lakini nawaomba walezi wenzangu wajibu, na walitumie neno lenyewe: amekufa.

Juzi alitaka kujua kama mimi nami nitakufa. Nikamwambia kila mtu hufa, ila natumaini kuishi mpaka awe mtu mzima, na nisipokuwapo yuko atakayemlea. Nikamtajia jina. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtajie tena.

Mama mkubwa, mlezi