Mota ndogo ihesabiwe ikiwa ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaounda droni na ndege ndogo, pamoja na walimu wanaowasimamia. Ukinzani ulioandikwa kwenye karatasi ya mota, yaani kiasi waya unavyozuia umeme, hupimwa waya wake wa shaba ukiwa baridi. Anayepiga hesabu kwa namba hiyo anajipunja, na mota ndiyo inayolipa.

Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi kuanzia nyuzi 20. Waya ukifika nyuzi 100, na mota iliyobanwa na mzigo hufika huko upesi, ukinzani umepanda kwa asilimia 31. Chukua mota isiyo na brashi yenye ukinzani wa miliomu 50 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), inayovuta ampia 1 bila mzigo, kwenye betri ya volti 11.1. Ikivuta ampia 30, waya baridi hupoteza wati 45. Wa nyuzi 100 hupoteza wati 59. Ufanisi unashuka kutoka asilimia 83.6 hadi 79.5. Wengi huuona upungufu huo ni mdogo. Tazama upande wa pili: joto lote ambalo mota inapaswa kulitoa limepanda kutoka wati 55 hadi 68, yaani robo zaidi, na upepo wa kuipoza ni uleule. Joto hilo nalo hupandisha ukinzani tena. Mzigo ukiwa wa kadiri, mota hutulia kwenye joto fulani. Ukizidi, haitulii mpaka vanishi ya waya, ile rangi inayozuia nyaya zisigusane, iungue.

Sumaku nazo huchangia. Zile za neodimiamu hupungukiwa nguvu kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi, hivyo kila ampia inazungusha kwa nguvu ndogo zaidi na mota huvuta ampia nyingi zaidi kwa propela ileile. Zikipoa, nguvu hurudi. Lakini sumaku za daraja la kawaida zikipita takriban nyuzi 80, sehemu ya nguvu hiyo hairudi tena. Dalili yake ni mota iliyopoa kabisa kuzunguka kwa kasi kuliko zamani bila mzigo, huku ikichemka upesi ikifungwa propela. Ndiyo maana sishauri mtu ajitetee kwa daraja la vanishi, hata kama waya unavumilia nyuzi 180.

Kugusa gamba kwa kidole hakutoshi, na kipimajoto cha miale kikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa husoma chini ya joto halisi. Waya wenyewe ndio kipimajoto. Maltimita ya kawaida haiwezi kusoma miliomu 50 kwa uhakika, kwa hiyo tumia pawa saplai yenye kikomo cha mkondo. Acha mota ipoe hadi joto la chumba, uliandike joto hilo. Chomoa kidhibiti mwendo (ESC, kifaa kati ya betri na mota), pitisha ampia 2 kwenye nyaya mbili kati ya tatu za mota, kisha soma milivolti kwa maltimita. Ncha zake ziguse nyaya za mota zenyewe, si klipu za saplai, la sivyo utapima pia ukinzani wa kutu ya klipu. Milivolti 100 kwa ampia 2 ni miliomu 50. Endesha mota kwa mzigo wake wa kweli, izime, uchomoe betri na kidhibiti, urudie kipimo kwenye nyaya zilezile ndani ya sekunde chache, kwani shaba humwaga joto upesi kwenye chuma cha stata, sehemu isiyozunguka iliyosukwa waya.

Sasa gawanya ukinzani wa moto kwa ule wa baridi, zidisha kwa jumla ya 234.5 (namba maalumu ya shaba) na joto la chumba, kisha toa 234.5. Kwa chumba cha nyuzi 28, mota iliyotoka miliomu 50 hadi 65 ina waya wa nyuzi 107. Hiyo nisingeirusha tena kabla ya kuipunguzia mzigo.

Hapo ndipo ushauri mbaya hutolewa mara nyingi: nunua mota ya KV ndogo (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, bila mzigo), ongeza seli za betri, mkondo utapungua. Mkondo hupungua kweli, na nyaya za betri hupata nafuu. Lakini kwenye stata ileile iliyojazwa shaba kiasi kilekile, kupunguza KV kwa nusu ni kusuka mizunguko maradufu ya waya mwembamba zaidi, na ukinzani unakuwa mara nne. Nusu ya mkondo kwenye ukinzani mara nne inatoa joto lilelile kwa nguvu ileile ya mzunguko. Kinachopoza waya ni stata kubwa zaidi, usukaji uliojaza shaba vizuri, au propela ndogo zaidi. Kutoka inchi 10 hadi 9 kwa pitch ileile (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), mzigo kwa kasi ileile hupungua kwa karibu theluthi.

Na msiamini mita ya wati iliyofungwa kwenye betri mnaporusha kwa kasi ya kati. Kidhibiti kikifungua nusu ya muda, ampia 10 za betri ni karibu ampia 20 ndani ya mota, na hizo 20 ndizo za kuweka kwenye hesabu ya joto.

Fundi wa mota ndogo,
Dar es Salaam