Nyati wa kupandikizwa: tupeni idadi ya ndama, si mimba za siku 30

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nizungumzie tarakimu moja inayosomwa vibaya kila habari za nyati wa kupandikizwa, yaani jike anayewekewa kiinitete (mimba changa ya siku chache) kilichopatikana nje ya mwili wake, zinapofika huku kwetu, nayo ni asilimia ya mimba.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nyati yupi. Si mbogo wa Serengeti. Ni nyati-maji, yule anayefugwa kwa maziwa India, Pakistani, Misri na Italia. Hawa ni wanyama wawili tofauti: mbogo wa savana ana kromosomu 52, nyati-maji wa aina ya mtoni ana 50. Picha ya mbogo mwenye pembe zilizokutana juu ya paji la uso haifai kuwekwa juu ya habari ya maziwa ya Gujarat, India.

Kwamba jambo lenyewe linawezekana, hilo halina ubishi tena. Ndama wa kwanza wa nyati aliyetokana na kiinitete kilichohamishwa alizaliwa Marekani, Florida, mwaka 1983. Taasisi ya utafiti wa maziwa ya Karnal, katika jimbo la Haryana, India, ilipata ndama wa yai lililorutubishwa maabara mwaka 1990, wakamwita Pratham, yaani wa kwanza. Oktoba 2021 akazaliwa ndama wa kwanza wa nyati aina ya Banni kwa njia hiyohiyo, katika kijiji cha Dhanej, Gujarat, nyumbani kwa mfugaji. Kinachotakiwa kuulizwa sasa ni viinitete vingapi viliingia na ndama wangapi walitoka.

Hesabu huanza kuwa ngumu mapema sana. Ovari za nyati zina akiba ndogo ya mayai, kati ya 10,000 na 20,000, wakati ng'ombe ana zaidi ya laki moja. Jike akichomwa FSH, homoni ya kukuza mayai mengi kwa pamoja, asubuhi na jioni kwa siku nne, dozi ikipunguzwa kila siku, kisha akahimilishwa (akatiwa mbegu za dume kwa bomba) mara mbili na mfuko wa uzazi ukasafishwa kwa maji maalumu ili kuvuna, ng'ombe hutoa viinitete vizuri vitano au sita kwa wastani. Nyati hutoa kimoja hadi vitatu, na si ajabu kukosa kabisa. Wakati mwingine ovari imevimba na inaonyesha wazi kwamba mayai mengi yametoka, lakini kwenye chujio hakuna kitu, kwa sababu mdomo wa mrija wa uzazi haukuyadaka.

Kuna pia kosa la kalenda ambalo watu wa ng'ombe hulifanya wakihamia kwa nyati. Kiinitete cha nyati hukua haraka kuliko cha ng'ombe, kwa saa 12 hadi 24 hivi. Siku ya saba, ambayo kwa ng'ombe ndiyo siku ya kuvuna, cha nyati mara nyingi kimeshatoka kwenye ganda lake. Kisicho na ganda hukunjamana, hunata kwenye vyombo, na ni vigumu kukitambua kwenye darubini. Nyati huvunwa siku ya sita.

Kwa sababu ya uhaba huo, kazi kubwa India na Italia imehamia kwenye kunyonya mayai moja kwa moja kutoka kwenye ovari kwa sindano ndefu inayopita ukuta wa uke, ikiongozwa na altrasaundi. Mayai hukomazwa maabara kwa saa 22 hadi 24 katika joto la nyuzi 38.5, yanachanganywa na mbegu za dume, kisha hulelewa mpaka siku ya sita au ya saba. Ya nyati yana mafuta mengi, ndiyo maana huonekana meusi kwenye darubini, na mafuta hayo huyafanya yaumie yakigandishwa. Asilimia ya viinitete vibichi na ya vilivyogandishwa kwenye nitrojeni zisichanganywe kwenye kapu moja. Anayezichanganya ama hajui, ama anajua sana.

Sasa nifike kwa jike anayepokea, kwa sababu hapo ndipo mimba nyingi hupotea huku lawama zikienda maabara. Mpokeaji lazima awe katika siku ileile ya mzunguko na umri wa kiinitete, tofauti isizidi siku moja. Kwa ng'ombe utamwona akipandwa na wenzake ukaandika saa. Nyati majike hawapandani hivyo; joto lao, yaani hamu ya kupandwa, ni la kimyakimya, na mara nyingi huja usiku. Ndiyo maana wengi hupanga mzunguko kwa sindano: siku ya 0 GnRH (homoni ya kulitoa yai), siku ya 7 prostaglandini (ya kumrudisha jike kwenye joto), siku ya 9 GnRH tena, na kiinitete cha siku ya sita kinaingizwa siku ya 15 au 16. Msimu wa joto kali, kaskazini mwa India kuanzia Aprili hadi Julai hivi, majike wengi ovari zao zimelala na mpango huo haushiki. Hapo huwekwa kwanza kifaa chenye projesteroni ndani ya uke kwa siku kadhaa, na kikitolewa huchomwa homoni inayotokana na damu ya farasi mjamzito.

Kumaliza ratiba ya sindano hakumaanishi kwamba jike yuko tayari. Yai likishatoka, mahali lilipokuwa panaota kinundu cha njano, na hicho ndicho kiwanda cha projesteroni inayoshikilia mimba. Kinundu cha nyati ni kidogo kuliko cha ng'ombe na mara nyingi kimezama ndani ya ovari, hakijitokezi juu kama kichwa cha uyoga. Mkono peke yake kupitia njia ya haja kubwa hukikosa, au hudhani folikeli, kifuko chenye yai ambalo bado halijatoka, ndiyo kinundu. Inatakiwa altrasaundi, na upande kilipo, kulia au kushoto, uandikwe kwa rangi kwenye nyonga ya mnyama palepale, si kwenye karatasi itakayolowa. Jike asiye na kinundu anaondolewa. Hata akiwa amekula sindano zote na gharama zote, anaondolewa.

Siku yenyewe ya kupandikiza, nyati anabanwa asigeuke, anachomwa ganzi ya lidokaini ya 2% kama mililita 5 kati ya pingili za mwanzo wa mkia. Mkia ukilegea ukawa kama kamba, amekuwa tayari. Sehemu za nje zinaoshwa na kukaushwa kabisa. Kiinitete kiko ndani ya mrija wa mililita 0.25, katikati, kikiwa na kiputo cha hewa mbele na kingine nyuma ili kisitelezee pembeni. Bomba la kupandikizia huvalishwa mfuko mwembamba wa plastiki, unaotobolewa likifika kwenye mlango wa kizazi, uchafu wa uke ubaki nje. Mlango wa kizazi wa nyati ni mwembamba na mgumu kuliko wa ng'ombe, na hapa ndipo papara huua. Likishapita, bomba huelekezwa kwenye pembe ya mfuko wa uzazi iliyo upande wa kinundu, linasogezwa mpaka pale linapofika bila kulazimishwa, na kiinitete kinasukumwa taratibu.

Bomba likitoka, litazame ncha. Ikiwa na damu, ukuta wa ndani umekwaruzwa, na ukuta uliokwaruzwa hutoa prostaglandini, homoni ileile inayochomwa makusudi kuvunja kinundu. Kiinitete kizuri kabisa kinaweza kupotea kwa dakika mbili za kusukumasukuma. Doa hilo la damu linastahili kuandikwa kwenye daftari pamoja na jina la aliyeshika bomba, maana mikono miwili tofauti kwenye kundi moja la majike, siku moja, inaweza kuleta matokeo yaliyo mbali sana.

Baada ya hapo ndipo inakuja tarakimu ya magazetini. Siku ya 30 ya umri wa mimba altrasaundi inaonyesha kijusi na moyo unaodunda, watu wanapiga picha na habari inaandikwa. Lakini kwa nyati, muda wa hatari ni kati ya siku ya 25 na ya 45. Wataalamu wa Italia wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi kwa sababu soko la jibini la mozzarella linataka maziwa majira ya machipuko na ya joto, wakati nyati kwa asili yake hupata mimba vizuri siku zinapokuwa fupi. Kwa majike waliohimilishwa nje ya msimu wao, vifo vya viinitete vya 20% hadi 40% vimeripotiwa huko, na sababu kubwa ni projesteroni kuwa chini. Hao ni wa uhimilishaji wa kawaida, ambao hawakuguswa na bomba la kupandikizia. Sindano za kuinua projesteroni zimejaribiwa na humsaidia jike mwenye upungufu, ila si dawa ya jike aliyekonda, aliyepigwa jua bila kivuli wala dimbwi la kugaagaa, au aliyesafirishwa kwenye lori wiki ileile. Ngozi ya nyati ni nyeusi na tezi zake za jasho ni chache; bila maji mwili huchemka, na kiinitete nacho.

Chukua mfano wa hesabu tu. Majike 60 wanachomwa sindano. Altrasaundi inawakubali 40. Wote 40 wanapandikizwa, siku ya 30 wana mimba 14, siku ya 60 wamebaki 10, wanazaa 9. Anayetaka sifa atasema 35%, yaani 14 kwa 40. Anayelipa gharama anaona ndama 9 kwa majike 60, yaani 15%. Wote wawili hawajasema uongo. Tena nyati hubeba mimba siku 305 hadi 320 hivi, kwa hiyo kati ya kichwa cha habari na ndama kuna miezi kumi na zaidi ambayo hakuna mwandishi anayerudi kuuliza.

Na kuzaliwa nako si kumaliza. Ndama wa kwanza wa Karnal aliyetengenezwa kwa njia ya kunakili seli (kloni), Februari 2009, aliishi siku chache tu; aliyefuata Juni mwaka huohuo, Garima, ndiye aliyeendelea. Kunakili ni kazi nyingine, isichanganywe na kurutubisha yai kwa mbegu, lakini mlango wa kuingilia kwenye mfuko wa uzazi ni uleule na mpokeaji ni yuleyule.

Ombi langu kwa dawati lenu la habari ni dogo. Habari ya namna hii ikija, iandikwe mimba ilipimwa siku ya ngapi, kiinitete kilikuwa kibichi au kilichogandishwa, na ilikuwa mwezi gani. Na kama mwandishi ana nafasi ya swali moja tu kwa simu, amuulize mtaalamu hivi: kati ya majike wote waliochomwa sindano ya kwanza, wangapi wamezaa ndama aliyesimama na kunyonya?

Msomaji wenu,
Morogoro